Je, Nafuu ya Nusu ni Uponyaji?



Katika ibada zetu ipo nafasi ya ushuhuda wa aliyepona. Nafasi ya mzazi anayesema, "Mwanangu alikuwa anaanguka mara 10 kwa wiki, sasa anaanguka mara 5," hatuna. Mzazi huyo hunyamaza. Nasi tukikutana naye mlangoni tunamwuliza, "Mtoto ameshapona?"

Wazazi wa watoto wenye kifafa huelezwa na madaktari kuhusu kifaa cha kusisimua mshipa wa fahamu. Tukielewe kwanza, ndipo tutafakari.

Mtoto akitumia dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa kipimo sahihi, na bado akaendelea kuanguka, kifafa chake huitwa sugu. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu yuko hivyo. Kwa baadhi yao, daktari huweka kifaa kidogo chenye betri chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, na waya wake huzungushwa shingoni kwenye mshipa wa fahamu uitwao vagasi. Kila baada ya dakika chache kifaa hupeleka umeme hafifu kwa sekunde kama 30. Kimeruhusiwa hapa Marekani tangu 1997, na tangu 2017 kwa watoto kuanzia miaka 4.

Kifaa hiki hakiponyi. Karibu nusu ya wanaowekewa hupungukiwa na kuanguka kwa nusu au zaidi, tena baada ya miezi mingi. Wachache huacha kuanguka kabisa, na wengine hawaoni badiliko. Sauti huweza kukwaruza, betri ikiisha upasuaji hurudiwa, na dawa kwa kawaida huendelea.

Basi, ni haki kumpasua mtoto asiyeweza kujiamulia kwa ajili ya nafuu isiyo na uhakika? Wengine wetu husema tusubiri muujiza. Hatuwadharau, wamevuka mengi kwa imani hiyo. Lakini kusubiri nako ni uamuzi, na anayelipa gharama yake ni mtoto. Kuanguka kunaumiza kichwa, kunaunguza jikoni, na mara chache huleta kifo cha ghafla, hasa kwa wanaopata degedege kubwa mara kwa mara. Mzazi aliyepima hayo yote akakubali, au akakataa, amefanya kazi ya mzazi. Na mtoto anayeweza kusema aulizwe, maana shingo ni yake.

Je, kukubali kifaa ni upungufu wa imani? Mwaka 1957, hapa hapa Minneapolis, Earl Bakken alitengeneza kifaa cha betri cha kuongoza mapigo ya moyo, kwa ajili ya watoto waliopasuliwa na Dkt. C. Walton Lillehei katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Leo mzee wa kanisa akiwa na kifaa cha namna hiyo kifuani, hatumwambii kwamba imani yake ni haba. Kwa nini tumwambie mama wa mtoto wa kifafa?

Tusome tena Marko 9. Kabla ya kumponya yule kijana, Yesu alimwuliza baba yake ni tangu lini hali hiyo imeanza. Ndilo swali ambalo sisi wauguzi huuliza kila siku. Na yule baba alipokiri kwamba imani yake ina upungufu, hakufukuzwa. Kama imani ya nusu ilipokelewa, nafuu ya nusu tutaikataaje? Usiku mmoja ambao mama amelala hadi asubuhi bila kushtuka ni jambo la kumshukuru Mungu.

Kwa hiyo tuanze hivi. Badala ya "Ameshapona?" tuulize, "Wiki hii imekuwaje?" Tusimshauri mtu yeyote kuacha dawa kwa sababu tumemwombea, kuacha ghafla ni hatari. Asiyeelewa Kiingereza cha daktari aombe mkalimani hospitalini, ni haki yake na halipii. Na siku ya ushuhuda, yule mwenye mara 5 badala ya 10 asimame mbele, nasi tuseme amina kama kwa mwingine yeyote.