Mwalimu, Fungua Kabati!

Mwalimu mwenzangu wa Malili, fungua kabati! Fungua leo, kabla kengele ya mchana haijalia.

Kabati lenyewe unalijua. Mna vishikwambi ndani, vile vilivyoanza kufika madarasani mwaka 2016. Zaidi ya milioni moja viligawiwa shule za msingi za umma nchini, nasi tukapata vyetu. Tulivipokea kwa nyimbo, tukatia kufuli mbili, tukaweka na vyuma madirishani. Ufunguo uko kwa naibu, na naibu yuko mkutanoni. Watoto wa Gredi ya Nne wanachora kishikwambi daftarini kwa penseli.

Na haya yanatendeka wapi? Kando ya barabara kuu ya Mombasa, mlangoni pa Konza, jiji la teknolojia linalojengwa kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili! Rais Kibaki alizindua ujenzi huo Januari 2013. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule sasa anabalehe.

Tunasingizia stima, tunasingizia mtandao, na kweli siku nyingine havipo. Lakini siku vikiwapo, tunaogopa. Tunaogopa kubonyeza mbele ya watoto arobaini, kitu kigome, kisha msichana wa dawati la nyuma aseme, "Mwalimu, si hapo." Aibu hiyo imenipata. Mimi, mtu wa chaki miaka thelathini, nimempelekea kijana wa saiba alama za wanafunzi wangu anipakilie kwenye tovuti, nikamlipa, nikampa na neno langu la siri!

Kumbuka nyumba ya Eli, yule kuhani wa Biblia. Macho yake yamefifia, na anayesikia sauti usiku ni mtoto, Samweli. Mzee hasikii kitu. Hakumwonea wivu mtoto, wala hakumfokea kwa kumwamsha mara tatu. Lakini mtoto naye hakujua anaitwa na nani; alidhani ni mzee. Aliyeitambua sauti asiyoisikia ni Eli, akamwelekeza namna ya kuitikia.

Ndivyo darasani! Vidole vyepesi ni vya mtoto, kutambua sauti ni kazi yako. Ataulizia mtandaoni mmomonyoko wa udongo, aletewe majibu kumi, asijue lipi la mtaalamu na lipi la mwenye kuuza mbolea. Wewe uliyechimba matuta ya fanya-juu kwenye miteremko hii, ukaona mvua ya Novemba ikisomba udongo wa shamba la jirani asiyechimba, utajua. Ukimwacha peke yake, nani atamwambia?

Wala usinitajie umri. M-Pesa ilipoingia mwaka 2007, susu, nyanya yako, alipelekwa semina gani? Mbuzi wake aliuzwa, pesa zikaingia kwenye simu, akamwita mjukuu: nionyeshe. Akaonyeshwa mara moja, mara mbili, mara ya tatu akamfukuza mjukuu asione namba ya siri. Yeye hakuwa na cheti. Sisi tuna shahada, na semina tumehudhuria mpaka chai yake tumeichoka.

Basi leo, baada ya mapumziko, ingia Gredi ya Nne. Mwite yule msichana wa dawati la nyuma aje mbele, umwulize wenzake wote wakisikia, "Nibonyeze wapi?" Na jioni ufunguo usirudi kwa naibu.