Mtungi Mtupu

Huku Kitengela mfereji ukikauka tunanunua maji kwa mtungi. Mtungi wenyewe ni wa plastiki, lita 20. Udongo ulibaki kwenye jina tu. Halafu kwenye simu naona mitungi ya Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, 1950. Huifinyanga kwa mkono, bila gurudumu, ufundi aliojifunza pia kwa wanawake wafinyanzi wa Abuja, Nigeria. Mmoja uko British Museum, mtupu. Mwanzoni niliona ni dharau: mtungi usiotiwa maji, na sisi tuko kwa foleni?

Lakini ule wa shosho pia hautiwi maji siku hizi. Uko juu ya kabati, umemeguka mdomo. Mama huupangusa kila Jumamosi. Sijawahi kumuuliza unamfaa nini.