Tuogope kwa Kipimo

Umeme wafika sasa hata vijijini, na pamoja na faida zake imekuja hofu. Yasemwa na wengi kwamba nyaya na vyombo vya umeme hutoa nguvu isiyoonekana iletayo saratani. Mama mwenye mtoto mgonjwa ajiuliza kama ndiye aliyemdhuru mwanawe kwa kumlaza karibu na friji. Wengine hununua vibandiko viuzwavyo ghali, ati vyazuia mionzi. Wengine hucheka tu. Twauliza: Mkristo afanye nini mbele ya hatari ambayo wataalamu hawajaithibitisha wala hawajaikanusha?

Kwanza tuujue ukweli. Kila waya upitao umeme huzungukwa na nguvu ya sumaku. Nguvu hii si kama miali ya eksirei iwezayo kuharibu chembe za mwili. Walakini mwaka 2000 wataalamu waliunganisha uchunguzi wa nchi mbalimbali, wakaona kwamba watoto waishio katika nyumba ambamo sumaku hiyo ilizidi kwa wastani mikrotesla 0.4 walipatwa na saratani ya damu karibu mara mbili kuliko wengine. Watoto hao walikuwa wachache mno, hawakufika hata mmoja katika mia. Wala haikujulikana kama sababu ni sumaku yenyewe au jambo jingine. Kwa hiyo mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika fungu la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Neno “huenda” si hakika. Lakini pia si hapana.

Hapo ndipo penye kazi ya busara. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba busara ni akili nyofu katika mambo ya kutenda. Akili nyofu haingoji hakika kamili, wala haikimbizwi na kila uvumi. Hupima ukubwa wa hatari, nguvu ya ushahidi, na gharama ya kinga. Mzazi awezaye kupunguza hatari kwa kusogeza kitanda tu, asikisogeze, ni mzembe. Lakini akataaye umeme kabisa, watoto wakasoma kwa kibatari, amekimbia madhara ya kudhaniwa akaingia katika madhara ya hakika.

Kinga yenyewe ni rahisi, nayo ni umbali. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, pasi hutoa mikrotesla 8 hadi 30 kwa umbali wa sentimita 3. Kwa sentimita 30 haizidi 0.3. Basi kitanda cha mtoto kisiegemee ukuta ambao nyuma yake pana mita au friji, maana ukuta hauizuii sumaku. Chombo kisichotumika kizimwe. Nyaya zifungwe na fundi mwenye ujuzi, tuepuke pia moto na kupigwa na umeme, ambavyo huua bila “huenda” yoyote. Vile vibandiko tuviache. Ni hirizi mpya.

Tena tuogope kwa utaratibu. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, utokao katika kuni, mkaa na mafuta ya taa. Miongoni mwao watoto wa chini ya miaka 5 walizidi 237,000. Mama aogopaye friji, naye ampakata mwanawe jikoni penye moshi, hatumlaumu, maana mara nyingi ni umaskini umshurutishao. Lakini twamwambia hatari iliyo kubwa iko wapi.

Hata hivyo mzigo huu si wa mzazi peke yake. Njia kuu za umeme, kama ile itokayo Iringa kupitia Dodoma na Singida hata Shinyanga, zaleta manufaa kwa taifa zima. Lakini wakaao jirani na nguzo ni wachache, na mara nyingi ni maskini. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba palipo na hatari ya madhara makubwa au yasiyorekebika, kukosa hakika kamili si sababu ya kuahirisha kinga; na kwamba kanuni hiyo yawalinda wanyonge wasioweza kukusanya ushahidi wao wenyewe. Kwa hiyo ni haki njia mpya zipitishwe mbali na nyumba na shule kadiri iwezekanavyo, wenyeji waelezwe kwa lugha waielewayo, na wahamishwao walipwe haki yao. Naye mwananchi asijenge chini ya nyaya kwa kuvutwa na kiwanja rahisi.

Basi, wasomaji wapenzi, jioni hii tusogeze vitanda, tufungue madirisha ya jiko. Na kijiji kikutanapo, mwenye kuweza kusema asimame aulize nguzo zitapita wapi.