Kidonda cha Bibi ni cha Nani?

Mdogo wangu, binti wa baba mdogo, alikuwa mwaka wa pili wa diploma ya uuguzi alipokuja likizo nyumbani kwetu, kijiji kimoja juu ya Soni. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi imeshika kwelikweli. Bibi alikuwa kitandani wiki ya tano tangu kiharusi kimpooze upande wa kulia. Binti akamsalimia, akanawa mikono kwa sabuni, akaomba maji ya uvuguvugu na khanga mbili. Kisha akafanya jambo dogo ambalo katika nyumba ile iliyojaa watu hakuna aliyekuwa akilifanya sawasawa. Aliinua mablanketi yote.

Chini ya kiuno, pale mfupa unapokaribia ngozi, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kizibo cha soda, na kilikuwa na kina.

Shangazi, aliyemhudumia mama yake tangu siku ya kwanza, alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Alitazama, akaliweka beseni chini taratibu, akauliza, "Kwa hiyo ni mimi nimemtoboa mama?"

"Hapana, shangazi. Ni ugonjwa tu huo."

Ulikuwa uongo. Aliyeusema alijua ni uongo, kwa sababu katika kaunta buku lake la somo la misingi ya uuguzi vidonda vya namna hiyo vilikuwa na ukurasa wao mzima. Florence Nightingale alishaliandika hilo mwaka 1859 katika Notes on Nursing, tena bila kuremba: mgonjwa akitoka vidonda vya kitandani, mara nyingi kosa si la ugonjwa, ni la uuguzaji. Na kitabu kile, ambacho wengi hudhani ni cha mafunzo ya manesi, yeye mwenyewe alisema si cha kumfundisha nesi kazi. Aliwaandikia wanawake wa kawaida wenye wagonjwa majumbani. Yaani alimwandikia shangazi.

Nimekaa na uongo ule muda mrefu. Swali lake si dogo: mtu akimdhuru ampendaye kwa kutojua, katikati ya kumpenda, kosa ni lake? Na kama si lake, ni la nani?

Nianze na tulivyofika pale. Tuliporuhusiwa kutoka wodini tuliambiwa sentensi moja, "Mpelekeni nyumbani, mkamwangalie vizuri." Kiswahili kina mtego hapo. Kuangalia ni kutunza, na kuangalia ni kutazama. Sisi tulifanya ile ya pili kwa bidii sana. Kila aliyefika aliketi kando ya kitanda, akamtazama Bibi, akatikisa kichwa, akaacha elfu mbili chini ya mto, akaondoka. Hakuna aliyetueleza "vizuri" ina maana gani, na hakuna kati yetu aliyeuliza.

Tulichodhani ni upendo kilikuwa hiki: kumwacha apumzike. Amelala, msimsumbue. Baridi ya Usambara nayo ikatusaidia kukosea, maana nani ataka kumfunua kikongwe mara kwa mara katika ukungu ule? Tukaongeza blanketi juu ya blanketi. Shangazi alimfuta kwa kitambaa chini ya mablanketi hayo, kwa kupapasa, ili asimwachie ubaridi. Alipoanza kuhisi mahali pamekuwa pagumu, alifanya alichofundishwa na mama yake mwenyewe: akapachua mafuta, akapasugua. Kisha akasokota khanga kuukuu akatengeneza ngata, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, akamwekea Bibi chini ya kiuno ili pale panapouma paelee.

Sasa sikia ilivyo. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro kwa saa nyingi hukosa damu, na ikikosa damu huanza kufa, mara nyingi kwa ndani kabla ngozi haijasema lolote. Kusugua kwa nguvu juu ya mfupa kunazidi kuiharibu nyama iliyokwisha dhoofika. Ngata nayo hubana damu kuizunguka ile sehemu, pale katikati panazidi kunyimwa. Kila tendo la shangazi lilikuwa la huruma, na kila moja lilichimba. Kilichokuwa kinatakiwa ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, ubavu huu, mgongo, ubavu ule, visigino visiguse godoro, shuka lisiwe na mikunjo wala unyevu. Basi. Hakihitaji dawa wala umeme.

(Nitoke nje ya mada kidogo. Mwanahistoria Steven Feierman, katika Peasant Intellectuals ya mwaka 1990, anaeleza jinsi Wasambaa walivyozungumzia utawala kwa maneno mawili: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu nchi. Nilipokutana na hilo "kubana" nilicheka peke yangu. Sisi tuliokulia Kiswahili cha mjini tukisikia kubana tunafikiria kuminya. Kwa mgongo wa Bibi maana zote mbili zilikuwa moja.)

Neno uuguzi lenyewe linastahili kutazamwa. Kulala, kulaza. Kupona, kuponya. Kuugua, kuuguza. Kwa umbo lake, muuguzi si anayeponya. Ni anayemwezesha mtu augue, auvuke ugonjwa akiwa bado mtu, uishie kupona au uishie kaburini. Virginia Henderson, Mmarekani aliyewafundisha wauguzi wa karne iliyopita, alisema jambo la karibu sana na hilo. Kwake kazi ya muuguzi ni kumsaidia mtu kufanya yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa, na katika hayo akahesabu pia kufa kwa amani. Orodha yake ya mahitaji 14 ilikuwa kwenye kaunta buku la mdogo wangu: kupumua, kula na kunywa, kujisaidia, kujongea, kulala, kuvaa, kuwa safi, kuzungumza, hata kuabudu. Hakuna sindano humo. Wengi wetu tukiona orodha kama hiyo tunasema haya mambo yanajulikana, nani asiyejua kulisha mtu?

Mimi sikujua. Nilikuwa nikimlisha Bibi uji akiwa amelala chali, kichwa kimeinuliwa kidogo kwa mto, na alipokohoa nilimwambia pole nikaendelea. Mdogo wangu karibu aninyang'anye kikombe. Aliyepata kiharusi huenda koo lake halimezi vizuri. Anatakiwa akalishwe wima, kidevu kiinamie mbele kidogo, apewe kidogo kidogo upande wenye nguvu, angojewe ameze, na abaki amekaa nusu saa baada ya chakula. La sivyo uji unashuka mapafuni, na hapo unatafuta homa ya mapafu kwa kijiko. Kwa siku nane nilizokaa pale kabla yake, nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba mimi ndiye mjukuu anayelisha.

Kulikuwa na jambo jingine nililolipenda. Vitabu vingi hufundisha kwamba dalili ya kwanza ya kidonda cha namna hii ni wekundu usiofifia ukiubonyeza. Wekundu kwenye ngozi ya nani? Bibi alikuwa mweusi wa kung'aa. Mdogo wangu hakutafuta wekundu. Alipitisha mgongo wa mkono wake kwenye nyonga, kwenye visigino, kwenye kiwiko, akitafuta joto, akabonyeza kutafuta ugumu, akalinganisha na ngozi ya jirani. Kwenye kisigino cha kulia akasimama. "Hapa pia panaanza," akasema. Mimi sikuona kitu.

Na muda wote huo alikuwa akiongea na Bibi, ambaye maneno yalikuwa yamempotea. "Bibi, sasa nakugeuza upande wa dirishani. Bibi, maji haya, yasikushtue." Alianza na uso, maji matupu, jicho kutoka puani kwenda nje. Akafunua mkono mmoja, akauosha, akaukausha, akaufunika, ndipo akafunua mwingine. Hakuna dakika hata moja ambayo mwili wote ulikuwa wazi. Mimi nilidhani stara ni adabu unayoongeza juu ya kazi ukiwa mtu mwema. Kumbe imo ndani ya utaratibu wenyewe. Hata nesi aliyechoka, asiye na mapenzi yoyote na mgonjwa, akifuata hatua zile mgonjwa atasitirika.

Hapo ndipo naja kwetu wanaume. Kwa utani wa bibi na mjukuu, mimi nilikuwa mume wa Bibi. Tangu utotoni aliniita hivyo, akinidai nguo za sikukuu. Lakini ukifika wakati wa kuogesha, mume nilikuwa wa kwanza kutoka nje kuota jua, pamoja na baba na ndugu zake wawili. Tulikuwa wanne, na tulikuwa na neno zuri la kutolea udhuru: haya. Si heshima mtoto wa kiume kuuona mwili wa mama yake. Nalikubali neno hilo. Sisemi kila mwana akamwogeshe mama yake. Wapo akina mama ambao kwao hilo lingekuwa maumivu kuliko kidonda.

Ila kumgeuza mtu hakuhitaji kumfunua. Unakunja shuka mara nne, unalipitisha chini ya kiuno, mmoja kila upande, mnamnyanyua pamoja badala ya kumburuta. Blanketi liko juu muda wote. Inataka watu wawili wenye nguvu za mikono. Hiyo ilikuwa kazi yetu kabisa. Mdogo wangu aliniambia huku akinikabidhi pembe mbili za shuka, "Kaka, ukijua kufunika huna sababu ya kutoka."

Mara 12 kwa siku, mara 84 kwa wiki. Shangazi aliamka saa kumi na moja alfajiri, alikuwa na karoti za kupeleka soko la Soni, kuni, ng'ombe mmoja, na mama. Ungemweleza zile saa mbili angezifanyaje peke yake?

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Nicomachean Ethics, anamtenga aliyekosa kwa kutojua kisha akajuta na yule aliyekosa kwa kutojua wala asijali. Wa kwanza anastahili kuhurumiwa. Shangazi yuko hapo. Lakini baadaye anaongeza jambo linalonikosesha raha: kutojua kwenyewe kunaweza kuadhibiwa, kama ni jambo ulilopaswa kulijua na si gumu kulijua. Sasa nani alipaswa kujua? Si mwanamke wa darasa la saba mwenye karoti sokoni. Mimi nina digrii. Nimeandika habari za bajeti ya afya. Siku zile nane simu yangu ilikuwa na bando, na nilisoma habari zote za ligi ya Uingereza.

Wala maarifa hayakuwa mbali. Milima hii imejua uuguzaji muda mrefu kuliko sehemu nyingi za nchi. Lutindi, upande wa Korogwe, palianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, miongoni mwa pa mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Pale Soni ukishika njia nyingine unakwenda Bumbuli, ambako hospitali ya Walutheri imesomesha watumishi wa afya kwa miaka mingi. Tungeuliza mtu yeyote mwenye sare kwenye daladala angetuambia.

Usiku ule jikoni nilimuuliza mdogo wangu kwa nini alimdanganya shangazi. Alikuwa anachemsha maji ya chumvi ya kusafishia kidonda. "Kaka, pale mlangoni nilikuwa na wagonjwa wawili."

Ni jibu zuri, na kwa muda liliniridhisha. Siku hizi nalikubali nusu. Kumwambia mtu ukweli wakati ameshika beseni na miguu inatetemeka si uuguzi. Lakini kosa likishakuwa la ugonjwa, sisi wengine tunakuwa huru. Hakuna anayepaswa kubadili chochote. Na kweli, ratiba ya kugeuza aliyoibandika mlangoni, yenye majina yetu wote, haikumaliza wiki. Mimi nilirudi Dar kazini, baba mdogo akawa na safari ya Mombo, na zamu za usiku zikamrudia yuleyule.

Kidonda kilianza kufunga hata hivyo. Bibi alifariki mwezi wa kumi, kwa kiharusi cha pili, kidonda kikiwa kimebaki kama punje ya hindi.

Siku ya arobaini nilimkuta shangazi uani anachambua mchele, nikamsaidia. Baada ya muda akasema bila kuniangalia, "Wewe msomi, niambie ukweli. Kile kidonda ni mimi?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia pia haukuwa ugonjwa.

"Basi ni nani?"

Nikamwambia kila usiku Bibi alipaswa kugeuzwa kama mara tano, na mle ndani tulikuwa wanaume wanne tumelala.

Akapepeta ungo mara mbili, tatu.

"Tena mlikuwa mnakoroma," akasema.