Akiba ya Safari Haipingani na Tawakali



Zinapokaribia sikukuu na likizo za shule, mwezi Juni na mwezi Desemba, watu wengi wa Mzinga na sehemu nyingine za Morogoro hufunga safari. Wengine hupanda milima ya Uluguru kwenda Mgeta, Matombo au Kinole kuwaona wazazi. Wengine huelekea Dar es Salaam au mikoa ya mbali. Jambo hili ni jema. Kuunga udugu ni amri ya Mwenyezi Mungu, na aliyesilimu hakuondolewa amri hiyo. Bibi Asma, binti wa Seyidna Abubakar r.a., alimwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. kama amtendee wema mama yake ambaye alikuwa hajaamini, naye akamwagiza aunge udugu naye. Basi ndugu aliyeingia katika Islam jana, na wazazi wake wangali katika dini yao ya zamani, asidhani kwamba amepewa ruhusa ya kuwatupa.

Lakini jambo jema lisipopangwa huzaa taabu. Tunamwona baba ambaye mwezi Desemba humaliza mshahara wote kwa nauli, nguo mpya na zawadi, ili asionekane mnyonge mbele ya jamaa. Januari inapofika shule zinafunguliwa, mtoto hana sare wala madaftari, na mwenye nyumba anadai kodi yake. Ndipo hukimbilia mkopo wa riba, ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Furaha ya siku saba hulipiwa kwa machozi ya miezi mingi. Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa akiomba kinga ya Mungu juu ya deni. Na alipoulizwa sababu yake, alieleza kwamba mwenye deni akisema husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Hivyo hasara ya deni haiishii mfukoni, bali huingia hata katika imani.

Huenda mtu akauliza: Je, kuweka akiba si kukosa tawakali? Kwani Mwenyezi Mungu siye Mwenye kuruzuku?

Jibu lake limo katika Kurani Tukufu. Hapo zamani watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila kuchukua masurufu, wakisema kwamba wao wanamtegemea Mungu. Na walipofika Makka waliwaomba watu. Ndipo ikateremshwa katika Sura Al-Baqara amri ya kuchukua masurufu, pamoja na mafundisho kwamba masurufu yaliyo bora ni ucha Mungu. Tazameni jinsi mambo haya mawili yalivyowekwa pamoja! Kuwalemea wengine kwa jina la tawakali si ucha Mungu. Na Nabii Yusufu a.s., ambaye alikuwa mtu wa tawakali kubwa, alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri hakuwaambia watu wakae wakisubiri. Aliwafundisha kulima miaka saba mfululizo na kuyaacha mavuno katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula.

Katika zama zetu hizi Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alitufundisha jambo hilo hilo. Mkutano wa kwanza wa Jalsa Salana ulifanyika Qadian, India, mwezi Desemba 1891, wakahudhuria watu 75. Katika tangazo lake la kuwaita wafuasi wake kwenye mikutano ya miaka iliyofuata, aliwakumbuka hasa wenye kipato kidogo. Aliwashauri waifikirie safari mapema, na kwa mpango na kukinai waweke kando kidogo kidogo kila siku au kila mwezi. Wakifanya hivyo, alisema, gharama ya safari itapatikana bila dhiki, kana kwamba wamesafiri bure.

Basi asiseme mtu, "Mimi ni kibarua tu, akiba ni ya wenye mishahara." Ushauri huo ulitolewa kwa ajili yake! Tuseme safari ya familia itahitaji shilingi 180,000. Kuzitafuta kwa wiki moja ni mzigo mzito, lakini kwa miezi tisa ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Kibarua na atie katika kibubu kila jioni. Naye mkulima, ambaye fedha humjia wakati wa mavuno, atenge siku ile ile anapouza mazao yake.

Tena tukumbuke kwamba mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, hivyo Idi huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Yaweza kuangukia wakati wa masika, chakula kikiwa haba, au wakati wa kulipia shule. Mwenye busara huitazama kalenda mapema. Kwanza atenge haki ya Mungu, kisha chakula, kodi na mahitaji ya watoto, kisha safari. Baba na mama wakae pamoja wakubaliane kiasi, wala wasione haya kupunguza zawadi. Sura Bani Israil inakataza uchoyo na inakataza pia ufujaji. Njia ya Islam ni ya katikati.

Naye mgeni asimsahau mwenyeji. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba ukarimu ni siku tatu, na haifai mgeni kukaa hata amtie mwenyeji wake katika dhiki. Anayefika Mgeta pamoja na watoto wanne na mikono mitupu, akala akiba ya mbegu ya wazee, hajaunga udugu, ameulemea.

Ndugu wapenzi, Sura Al-Hashr inamtaka kila mwenye kuamini aangalie anatanguliza nini kwa ajili ya kesho. Asiyeweza kujiandalia safari ya Desemba, ambayo tarehe yake anaijua, atajiandaaje kwa safari ile ambayo tarehe yake haijui? Mwenyezi Mungu atujalie riziki ya halali, atuepushe na riba na deni, na azifanye safari zetu kuwa sababu ya mapenzi baina ya jamaa. Amin.