Mtetezi wa Mkulima

Mwaka 1993 wakulima wa nchi yetu walianzisha mtandao wa vikundi vyao uitwao MVIWATA. Msemo wake ni huu: mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Neno hili ni jema, walakini lataka kufikiriwa. Maana mkulima akiwa peke yake hawezi kujitetea.

Tutazame mambo ya Handeni na Korogwe. Handeni watu wengi hutegemea mahindi, na mvua zake si za kuaminiwa. Korogwe ina milima ya Usambara na bonde la mto Pangani, na huko wengine hulima mpunga. Mashamba hayafanani, bali taabu ni moja. Wakati wa mavuno wote huuza pamoja, na bei hushuka. Kisha mnunuzi huja na lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kilemba juu, naye hulipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo yakataza jambo hili. Lakini mkulima mmoja akikataa, mnunuzi huenda kwa jirani. Wakikataa wote, hana budi kukubali mizani. Hiyo ndiyo faida ya chama.

Basi, twauliza swali. Wanachama wamepatana kuweka mahindi ghalani mpaka bei ipande. Mmoja wao mtoto wake augua, naye hana fedha. Usiku auza magunia mawili kwa lumbesa. Je, mtu huyu ni msaliti?

Wengi watajibu upesi kwamba ni msaliti, naye atozwe faini. Sisi twaona yafaa chama kijiulize kwanza: mtu huyu alipopatwa na dhiki, alikuwa na mlango gani wa kubisha? Mapatano yana pande mbili. Chama kimjuacho mtu siku ya kutoa ada, na siku ya shida hakimjui, hakina haki ya kumdai uaminifu. Wazee wetu waliofanya kazi ya ujima walijua hayo. Leo walilima kwa huyu, kesho kwa yule, na mgonjwa hakuachiwa shamba lake liliwe na magugu.

Hatusemi kwamba kila mtu auze apendavyo. Aliyesaidiwa na wenziwe, kisha akauza kwa siri kwa sababu ya tamaa, huyo amewaibia, maana bei yao ilisimama juu ya neno lake.

Nchi yetu imekwisha kuona kwamba vyama huja na kwenda. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha. Amri yaweza kuunda chama, na amri yaweza kukivunja. Lakini haiwezi kuwafanya watu waaminiane. Hiyo ni kazi ya wanachama wenyewe, nayo haina mkato.

Kwa hiyo twashauri kila kikundi, kabla ya kutafuta bei kubwa, kiweke fungu dogo kwa ajili ya wagonjwa na wenye njaa. Hapo mkulima atakuwa na sababu ya kungoja pamoja na wenziwe. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mtetezi wa mkulima naye ni yule jirani amfaaye katika dhiki, ili asilazimike kuuza usiku.