Roho ya Singe

Ukiitazama kwa haraka singe ya M9, ambayo Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilianza kuitumia katikati ya miaka ya 1980, utadhani ni kifaa cha fundi. Bapa lake lina urefu wa sentimita 18 hivi, na mgongoni lina meno ya msumeno. Karibu na ncha kuna tundu. Tundu hilo likipachikwa kwenye kijiti cha chuma kilichoko kwenye ala, bapa na ala huwa mkasi wa kukatia seng'enge. Warusi walikuwa wamekwisha kubuni jambo hilo miaka mingi kabla, kwa ajili ya singe ya bunduki ya AKM. Waingereza nao, katika singe ya bunduki yao ya SA80, waliweka kwenye ala msumeno, jiwe la kunolea, na hata mahali pa kufungulia chupa.

Basi, msomaji wangu, mtu anaweza kuuliza: ikiwa kazi zenyewe ni hizo, ile pete ya kuvishia kwenye mdomo wa bunduki ni ya nini? Kukata kamba na kufungua sanduku hakuhitaji mtutu.

Jibu ni kwamba pete ile inangoja kazi nyingine, ambayo hutokea mara chache mno. Waingereza waliifanya mwaka 1982 katika visiwa vya Falkland, wakaifanya tena mwaka 2004 kusini mwa Iraki, na mwaka 2011 huko Afghanistani. Hata katika karne ya 19, Mfaransa Ardant du Picq, ambaye mwenyewe alikuwa ofisa wa jeshi, aliona kuwa mashambulizi ya singe kwa kawaida huisha kabla ya vyuma kukutana, kwa sababu upande mmoja hushindwa moyo ukakimbia.

Hata hivyo, vizazi vya vijana vimefundishwa kuchoma magunia ya majani makavu. Huko Marekani mkufunzi alikuwa akiwauliza kwa sauti roho ya singe ni nini, nao wakijibu kwa pamoja: kuua! Jeshi la Nchi Kavu la nchi hiyo liliondoa mazoezi ya kushambulia kwa singe katika mafunzo ya awali mwaka 2010. Lakini kabla ya hapo walimu wake hawakuficha kwamba shabaha haikuwa gunia. Shabaha ilikuwa kijana mwenyewe: aondokewe na ule uzito unaomshika binadamu anapotakiwa kumchoma binadamu mwenziwe. Kwa maneno mengine, singe hufanya kazi yake kubwa kwa yule anayeishika.

Wanaoitetea wana hoja, nami siidharau. Wanasema adui akikimbia kwa hofu, damu kidogo humwagika kuliko angebaki akapigwa mabomu. Wengine huongeza kuwa singe ni silaha ya kweli, maana anayeua humwona anayekufa, tofauti na yule anayekaa mbele ya kioo maelfu ya kilomita mbali akiongoza ndege isiyo na rubani. Hapo ndipo tunapoachana. Ukweli huo anaubeba nani? Anaubeba kijana wa miaka 20. Waliopiga kura bungeni ili vita viwepo, na majenerali waliochora mishale kwenye ramani, hawaoni uso wa mtu yeyote.

Tena macho yetu yana upendeleo wa ajabu. Katika Vita Kuu ya Kwanza baadhi ya askari wa Ujerumani walipewa singe zenye meno mgongoni kwa ajili ya kukata mbao. Maadui zao wakaamini meno yale yalitengenezwa makusudi ili kuchana matumbo, na ikaenea habari kwamba atakayekamatwa nayo hatahurumiwa. Wajerumani ikawabidi wayasage meno mengi yakaisha. Lakini katika vita hivyo hivyo mizinga ndiyo iliyoua kuliko silaha nyingine, ikirarua miili vibaya kuliko msumeno wowote. Singe iliua wachache sana. Sijasikia kwamba mpiga mzinga alichukiwa kiasi kile kwa sababu ya umbo la kombora lake. Kombora halikuwa na meno ya kuonekana.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba kuiondoa singe kutatufanya wapole, wala kwamba kuibakiza kunatufanya wakweli. Linalonisumbua ni lile gunia. Askari anapomaliza utumishi wake huirudisha singe ghalani, karani akahakiki namba na kutia alama kwenye daftari. Lile jibu alilofundishwa kulipigia kelele, akalirudia asubuhi baada ya asubuhi mpaka likamtoka bila kufikiri, huondoka nalo kwenda kwa mkewe na watoto, na katika daftari la karani halina mstari wake.